Video fupi ya kuchekesha imegoma? Rudi hatua moja nyuma

Umewasimulia rafiki zako kisa, wakashika mbavu. Ukakirekodi, ukahariri usiku kucha, ukakipandisha mtandaoni, na mpaka asubuhi hakuna aliyecheka. Au kinachekesha kweli, ila sauti inakwaruza, au picha iliyokuwa safi kwenye simu yako imekuwa ukungu mtupu kwa wengine. Katika kuhariri klipu za namna hii nimezoea jambo moja: kasoro huonekana mahali pamoja na huzaliwa pengine, mara nyingi nyuma ya pale inapoonekana. Mwisho usiochekesha una pengo mwanzoni. Midomo inayopishana na maneno kuelekea mwisho ilianza safari hiyo kamera ilipowashwa tu. Na ule ukungu huenda uliingia faili likihama kutoka simu moja kwenda nyingine.

Kwa hiyo, kabla hujagusa chochote, weka nakala tatu mbele yako: faili ghafi lililotoka kwenye kamera, faili lililotoka kwenye programu ya kuhariri, na video kama inavyoonekana mtandaoni, ikiwezekana kwenye simu ya mtu mwingine. Zitazame kwa mpangilio huo. Nakala ya kwanza yenye kasoro ndiyo itakayokuonyesha hatua iliyokosea. Faili ghafi likiwa zima na lililohaririwa likawa bovu, iache kamera yako ipumzike. Yote mawili yakiwa mazima, tatizo liko kwenye kupakia. Ni hatua ya dakika mbili, lakini nimewaona watu wakinunua taa mpya kumbe shida ilikuwa intaneti.

"Imenyooka, lakini hakuna anayecheka"

Hili ndilo tatizo kubwa, na ndilo tunalolikimbia kwa kuisingizia algoriti, yaani mfumo wa jukwaa unaochagua nani aonyeshwe nini. Kichekesho hutembea kama kitendawili: kuna kutega na kuna kutegua. Mtazamaji ambaye hakutegwa huna cha kumtegulia. Kicheko kisipokuja, usikimbilie kuongeza mlio wa ngoma au kuuvuta uso karibu pale mwishoni. Rudi mwanzo ujiulize mtazamaji alikuwa anajua nini alipofika pale.

Chukua klipu yetu moja. Kijana amechelewa kurudi nyumbani. Anaingia sebuleni kwa kunyata, viatu mkononi, anapita nyuma ya kiti alicholalia bibi yake. Anafika kwenye mlango wa chumba chake, anashusha pumzi. Hapo bibi, macho kafumba vilevile, anasema: "Ufunguo umeuacha nje." Kwa mdomo kisa kilichekesha. Tuliporekodi mara ya kwanza (dada yangu ndiye bibi, kajifunika blanketi hadi kidevuni) ilitoka klipu ya sekunde 41, na wa kwanza kuitazama akauliza, "Sasa?"

Kosa tulilikuta sekunde ya kwanza. Kamera ilianza na kijana mlangoni, ikamfuata mgongoni safari nzima, na bibi akaonekana kwa mara ya kwanza alipofungua mdomo. Sisi tulijua yupo kwa sababu tulimkalisha wenyewe. Mtazamaji alikuwa anamwona mtu akinyata kwenye nyumba tupu. Tukaongeza shoti moja: bibi kitini, anakoroma, sekunde 2, kabla mlango haujafunguka. Kisha katikati ya safari kijana anagonga meza kwa goti, koromo linakatika, naye anaganda mguu mmoja hewani mpaka koromo liliporudi. Mwisho haukuguswa hata neno. Tulipokata vilivyozidi, klipu ikashuka hadi sekunde 19, na watu wakaanza kucheka kabla bibi hajasema kitu.

Ufundi huu ni mkongwe kuliko simu zetu. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, akina Lumière, walionyesha filamu isiyofika dakika moja. Mtunza bustani anamwagilia, mvulana anakanyaga mpira wa maji nyuma yake, maji yanakatika, mtunza bustani anachungulia mdomo wa mpira, mvulana anainua mguu. Hakuna sauti wala mkato. Tunacheka kwa sababu sisi tulimwona mvulana na mwenye bustani hakumwona. Ipime klipu yako hivyohivyo: nani anajua, nani hajui? Ukikuta wote wanajua, au hakuna anayejua, umeshapata chanzo.

Mtego ukiwepo na bado hakuna kicheko, kagua mkia. Baada ya neno "nje" tulikuwa tumeacha sekunde 3 za kijana kugeuka, kushindwa kujizuia, na mtu nyuma ya kamera kusema "safi." Hizo zilikwenda bila mjadala. Ugumu ulikuwa kukata wapi hasa. Kwenye video ya fremu 30 kwa sekunde (fremu ni picha moja kati ya zile zinazounda video), fremu moja ni kama milisekunde 33, na fremu 5 au 6 zinatosha kuua mzaha au kuuokoa. Tulikata palepale sauti ilipoisha. Ikawa kama mlango uliobamizwa na upepo. Tukajaribu kubaki na uso wa kijana kwa nusu sekunde, kichwa hakitikisiki, macho tu yanahama kuelekea mlangoni. Tukachukua hiyo. Sina kanuni ya kukupa hapa. Toa matoleo mawili, kila moja mwonyeshe mtu ambaye hajaona lolote, maana akishajua mwisho hakufai tena kwa kipimo. Na umtazame usoni badala ya kumwomba maoni. Rafiki akiulizwa atasema ni nzuri.

Kuna sababu moja zaidi ambayo haimo ndani ya video kabisa: maelezo yake. Ukiandika juu ya klipu "Subiri uone bibi alivyomkamata," umeshategua. Picha ya jalada inayoonyesha tukio la mwisho hufanya kosa lilelile.

"Wanaondoka mapema"

Majukwaa mengi humpa mwenye akaunti mchoro unaoonyesha watazamaji wanavyopungua sekunde kwa sekunde. Watu huusoma kama matokeo ya mtihani, wakahuzunika, wakaufunga. Usome kama ramani.

Mstari ukiporomoka sekunde za mwanzo, karibu kila mara ni salamu. "Habari zenu wapendwa, karibuni tena kwenye ukurasa wangu, leo nimewaletea…" ni adabu njema ukiwa na wageni sebuleni, lakini huyu wa kwenye simu kidole chake kiko tayari juu ya kioo. Anza jambo likiwa linaendelea: mkono umeshashika kitasa, mtu ameshakasirika, sufuria imeshaanguka. Mstari ukiporomoka mahali fulani katikati, tazama sekunde 5 zilizotangulia hapo, kwa kuwa uamuzi wa kuondoka hufanyika kabla ya kidole kutembea. Mara nyingi utakuta mhusika anaeleza kwa maneno jambo ambalo picha imeshalisema.

Ukishuka polepole bila kuporomoka popote, klipu ni ndefu tu. Vine, programu ya video fupi iliyoanza mwaka 2013, iliwabana watu kwenye sekunde 6, nao wakaweka humo visa vyenye mwanzo na mwisho. YouTube nayo tangu Oktoba 2024 inaruhusu Shorts, video zake fupi, za hadi dakika 3. Kupewa gunia kubwa hakukulazimishi kulijaza.

"Sauti inaniangusha"

Mtu atavumilia picha yenye giza. Sauti mbovu haivumilii, hasa kwenye kichekesho, ambapo neno moja lisiposikika hakuna kilichobaki.

Maneno yakisikika kwa mbali, kama yanatoka bafuni, chanzo ni umbali. Kila unapoongeza umbali mara 2, sauti ya msemaji hushuka kwa takriban desibeli 6, wakati mwangwi wa kuta unabaki karibu palepale. Ndiyo maana kupandisha sauti wakati wa kuhariri hakusaidii: unapandisha na mwangwi wake. Tiba rahisi ni simu ya pili. Iwashe irekodi sauti peke yake, ifiche karibu na msemaji nje ya picha: mfukoni, chini ya mto, nyuma ya mtungi wa maua. Kabla ya kuigiza, piga kofi moja mbele ya kamera. Ukifungua programu ya kuhariri utaliona kofi hilo limesimama kama mwiba kwenye mawimbi ya sauti zote mbili; zilinganishe hapo, kisha izime sauti ya kamera. Koromo la bibi tulilinasa hivyo, simu ikiwa ndani ya blanketi, na ndiyo sababu unalisikia kana kwamba umelala naye kiti kimoja.

Sauti ikipasuka pale mtu anapopiga kelele, maikrofoni imezidiwa. Kupunguza sauti baadaye kunakupa mpasuko uleule, ila wa chini. Hapo hakuna njia ila kurudia: msemaji arudi nyuma hatua moja au ageuze mdomo pembeni kidogo anapofika kwenye kelele.

Midomo na maneno kupishana kuna sura tatu, na kila sura ina chanzo chake. Sura ya kwanza ni ile ambapo kupishana kunaonekana kwako tu, huku wengine hawakuoni. Vua vipokea sauti visivyo na waya. Bluetooth huchelewesha sauti, kidogo lakini kwa kiasi kinachoonekana mdomoni, na mhariri aliyevivaa huishia kusogeza sauti iliyokuwa sahihi. Mimi nimewahi kuharibu klipu nzima kwa njia hiyo, halafu nikakaa saa nzima nikitafuta kosa kwenye kamera. Sura ya pili ni kupishana kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Isogeze sauti, kazi imekwisha. Sura ya tatu ndiyo inayochosha: mwanzo sawa, katikati mashaka, mwisho midomo imeachwa na maneno. Simu nyingi hazirekodi idadi ileile ya fremu kila sekunde. Hupunguza na kuongeza kufuatana na mwanga na mzigo wa kazi, lakini baadhi ya programu za kuhariri huhesabu kana kwamba idadi haibadiliki. Hapo kusogeza sauti ni kuziba tundu moja na kufungua jingine. Rudi kwenye faili ghafi, lipitishe kwanza kwenye programu kama HandBrake ukichagua idadi ya fremu isiyobadilika, halafu uanze kuhariri upya kutoka hapo.

Na kama sauti ilikuwepo, ukapakia, ikazimwa? Huo ni muziki. YouTube ina mfumo wa Content ID tangu 2007, unaolinganisha sauti ya video yako na kazi ambazo wenye haki wamezisajili, na majukwaa mengine yana mifumo ya aina hiyo. Kuandika "sina haki na wimbo huu" hakubadilishi chochote. Ni kama kukiri. Tumia muziki wa maktaba ya jukwaa husika, ukikumbuka kwamba ruhusa hiyo haihami na klipu kwenda jukwaa jingine, na kwamba akaunti za biashara kwa kawaida hupewa nyimbo chache kuliko za watu binafsi. Mimi huhifadhi kila klipu mara mbili, yenye muziki na isiyo na muziki, ili jukwaa likikataa nisianze upya. Redio iliyokuwa ikiimba nyuma wakati mnaigiza ni balaa zaidi, kwa sababu imeshachanganyika na maneno ya wahusika. Izimeni kabla.

"Picha si ile niliyoirekodi"

Ukungu kwanza. Futa lenzi. Sitanii: simu inashikwa kutwa, na alama ya kidole huzifanya taa zote ziwe na miale kama jua la katuni. Lenzi ikiwa safi na faili ghafi likiwa zuri, uliza klipu ilipitia wapi. Ikipitia WhatsApp kama video ya kawaida, imebanwa ili iwe nyepesi, na ukiibana tena kwenye kuhariri na tena kwenye kupakia, nyuso zinabaki vijisanduku. Itume kama dokumenti. WhatsApp inakubali faili la hadi GB 2. Angalia pia kama programu unayopakilia imewashwa hali ya kuokoa bando. Na ikiwa ni YouTube na umeipandisha dakika tano zilizopita, tulia kwanza, kwa kuwa toleo la ubora wa chini hutangulia kuonekana na la juu hufuata likishachakatwa.

Sababu nyingine ya ukungu ni kurekodi simu ikiwa imelala kisha kuikuza video ijaze kioo kilichosimama. Ukikata picha ya 16 kwa 9 kuwa 9 kwa 16, unabaki na chini ya theluthi moja yake, na hiyo theluthi ndiyo inavutwa mpaka ijae. Rekodi simu ikiwa wima, pikseli 1080 kwa 1920, tangu mwanzo.

Mistari inayotambaa juu ya picha, au mwanga unaopepesa, inatoka kwenye taa. Penye umeme wa hezi 50 baadhi ya taa huwakawaka mara 100 kila sekunde; penye hezi 60, mara 120. Jicho halioni, kamera inaona. Kama simu yako inakuruhusu kuchagua kasi ya shuta (sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga kwa kila fremu), weka 1/50 au 1/100 kwa hezi 50, na 1/60 au 1/120 kwa hezi 60. Kama hairuhusu, badilisha taa au sogea dirishani mchana.

Mwanga wa picha ukipanda na kushuka kila mtu anapopita mbele ya kamera, gusa kioo ushikilie hadi fokasi na mwanga vifungwe. Video inayong'aa kupita kiasi au iliyopauka kwenye simu za wengine huenda ilirekodiwa kwa HDR, mfumo unaonasa mwanga na giza kwa upana zaidi; iPhone kuanzia 12, ya mwaka 2020, zinaweza kufanya hivyo bila wewe kuchagua, na mipangilio ya kamera ina mahali pa kuizima. Maandishi ya fulana yakisomeka kinyume, kamera ya mbele imegeuza picha kama kioo cha kujitazamia: kuna kitufe chake kwenye mipangilio, au tumia kamera ya nyuma, ambayo kwa kawaida ni bora hata hivyo.

"Maandishi yanafunikwa"

Upande wa kulia kuna vitufe vya kupenda na kushea, chini kuna jina lako na maelezo. Maneno muhimu yakae katikati, juu kidogo ya kifua cha mhusika. Hilo ni jepesi. Gumu ni manukuu, yaani maneno ya wahusika yanayoandikwa juu ya picha. Yaweke, kwa sababu wengi hutazama simu ikiwa kimya, lakini chunga yanapotokea. Toleo letu la kwanza lenye manukuu lilionyesha "Ufunguo umeuacha nje" nusu sekunde kabla bibi hajafungua mdomo. Jicho linasoma haraka kuliko bibi anavyoongea. Aliyesoma alishategua, na sauti ilipokuja ikawa mwangwi. Programu zinazoandika manukuu zenyewe hupenda kumwaga sentensi nzima kwa mpigo. Ivunje kwa mkono, neno la mwisho litokee linapotamkwa.

"Haifiki kwa watu"

Kabla ya kusema umefungiwa, hakikisha akaunti haiko kwenye faragha na klipu haikuwekwa kwa marafiki pekee. Fungua pia ukurasa wa hali ya akaunti. Majukwaa makubwa yanao, nao husema wazi kama kuna klipu iliyozuiwa. Kisha angalia kona za video. Mwaka 2021 Instagram ilitangaza kwamba Reels, video zake fupi, zinazoonyesha nembo ya programu nyingine hazitapendekezwa sana, kwa hiyo usipakue klipu kutoka jukwaa moja ukaihamishia jingine ikiwa na mhuri wake. Pandisha lile faili safi lililotoka kwenye kuhariri.

Yote yakiwa sawa, rudi kwenye ule mchoro. Ikiwa wachache waliofungua klipu waliitazama hadi mwisho, basi klipu ni nzima: badilisha jalada na maelezo, endelea na nyingine. Ikiwa hata hao wachache waliondoka, soma tena sehemu ya kwanza ya mwongozo huu.

"Imefika, na mtu amekasirika"

Hii ndiyo hitilafu isiyo na kitufe. Klipu ikishapakuliwa na watu, kuifuta kwako hakuifuti kwao, hivyo ukaguzi wake hauna budi kufanyika kabla. Kama ni pranki, yaani mzaha wa kumtega mtu asiyejua, mwonyeshe aliyetegwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Akikataa, mwombe mrudie akiwa anajua. Wapo ambao wakijua huigiza mshtuko mzuri kuliko ule wa kweli. Watoto na wapita njia walioingia kwenye picha bila kuulizwa, wakate au uwafiche sura.

Halafu simamisha video kwenye kila shoti na usome ukuta, meza na dirisha, siyo waigizaji. Klipu ya bibi ilichelewa siku 2 kwa sababu hiyo. Nyuma ya kiti, juu kidogo ya kichwa cha dada, palikuwa na karatasi yenye namba ya simu ya fundi bomba, kubwa kiasi cha kusomeka mtu akisimamisha video. Tuliiona wote siku ya kurekodi na hakuna aliyeiona. Tukaibandua, dada akarudi chini ya blanketi, tukaanza tena kukoroma.